Tahadhari tumeshachukua, Afande: barua ya wazi kabla ya Desemba

Kwa: Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD)
Nakala: Mkuu wa Wilaya, Mkaguzi wa Polisi wa Kata, Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa

Dar es Salaam, Novemba

YAH: ULINZI WA MTAA WETU KUANZIA WIKI YA UHURU HADI SHULE ZITAKAPOFUNGULIWA

Ndugu Afande,

Shikamoo, na pole na kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne mwaka huu. Tatu za kwanza niliziandika kwa mkono, nikazitia kwenye bahasha za kaki na kuzipeleka kituoni mwenyewe: moja Januari, moja Juni, moja Septemba. Ningekutajia kumbukumbu namba zake kama utaratibu unavyotaka, lakini kila nilipoomba namba niliambiwa, "Acha tu hapo mama, itafika kwa mkubwa." Kama zilifika, sijajibiwa. Ndiyo maana hii naileta hadharani, uisome pamoja na wengine.

Jina la mtaa silitaji. Ofisi yako inalo, limeandikwa mara tatu. Nikilitaja hapa nitakuwa nawaelekeza wezi kwenye nyumba ambazo wenyewe wamesafiri, na wezi nao wana simu.

Mimi ni fundi cherehani. Desemba kibanda changu nakifunga saa tano usiku, maana kila mzazi anataka gauni la Krismasi la mwanawe na kila kwaya inataka sare mpya, na wote wanaleta vitambaa dakika za mwisho. Pia ni katibu wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, cha akina mama 31. Kwa kazi hizo mbili, barabara yetu ya usiku naijua, na aliyelizwa huwa nasikia habari zake kabla hajamaliza kulia.

Kila mwaka sikukuu zikikaribia, Jeshi la Polisi hutoa tangazo. Tunalijua kwa kichwa. Msiache nyumba bila mwangalizi. Mkisafiri waageni majirani. Msitembee na fedha nyingi. Msichome matairi barabarani, msipige fataki bila kibali. Watoto wasiende disko toto. Na tangu watoto wale walipokufa ukumbini kule Tabora siku ya Idi mwaka 2008, hapo hakuna mzazi wa kubisha. Tangazo ni zuri, sina ugomvi nalo. Ila ukilisoma vizuri, karibu kila sentensi inamwagiza mwananchi. Upande wa polisi unabaki na sentensi moja tu, kwamba mmejipanga vizuri. Mmejipanga wapi, saa ngapi, na tuwapigie namba ipi, hatuambiwi.

Sisi tumetii, Afande. Majirani zetu wa Rombo na Machame wakienda kwao Krismasi huacha ufunguo kwa mtu wanayemwamini na LUKU ya kutosha ili taa ya nje iwake mpaka warudi. Tumeweka nondo madirishani. Televisheni tumezihamishia ukuta usioonekana kutoka njiani. Vijana wetu tumewakataza kutuma picha za safari wakiwa bado ndani ya basi. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tunazipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, na tumefundishana kwenye kikoba kubonyeza *106# kuangalia kama kuna laini ngeni iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mama mmoja mwaka jana aliacha nguo zimeanikwa kwenye kamba, ionekane nyumba ina watu. Mwizi alichukua televisheni, akapita na nguo.

Yafuatayo ndiyo yanayotusumbua, na hayawezi kutibiwa kwa tahadhari ya mwananchi peke yake.

1. Doria inapita mwizi akiwa bado anakula chakula cha usiku

Kibanda changu kinatazama barabara ya lami. Mwaka jana, nyuma ya daftari langu la vipimo, niliandika kila nilipoliona difenda, gari la doria la polisi, likipita. Kuanzia Desemba 10 hadi Januari 6 nililiona mara 11, zote kabla ya saa nne na nusu usiku, wakati maduka yako wazi, muuza chipsi yupo, na hata mtoto anaweza kutumwa vocha. Baada ya saa tano mimi huwa nimelala, lakini vijana wetu wa ulinzi shirikishi wanakesha, na wanasema hawakuwahi kuliona.

Katika siku hizohizo mtaa wetu uliibiwa mara tisa. Saba kati ya hizo ilikuwa kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri.

Saa hizo siku hizi zina watu. Tangu mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, mtu anayetoka Moshi au Mbeya anaweza kushushwa Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa tisa usiku. Anachukua bajaji au bodaboda, anafika mtaani na gunia la maharage, ndizi, kuku wawili na mtoto amelala begani. Anayeondoka naye anatoka nyumbani na mabegi saa tisa na nusu ili awahi basi la saa kumi na moja. Hawa hawajafanya uzembe wowote. Wanafuata ratiba ya basi, na mwizi naye anaifuata hiyohiyo. Januari 4 familia moja ilivamiwa hatua chache kutoka getini kwao. Dereva wa bodaboda aliwatelekeza na kutoweka, na mpaka leo hatujui kama alikimbia kwa woga au kwa makubaliano.

Najua utasema askari ni wachache na wilaya ni kubwa. Nakubali. Lakini sijaomba askari wa kuongeza. Difenda lilelile, mafuta yaleyale, lihamishwe kutoka saa mbili usiku lije saa nane. Na lisije saa ileile kila siku, maana vibaka wetu nao wanaandika kwenye madaftari yao.

2. Giza

Kutoka kituo cha daladala hadi msikitini kuna nguzo 14 za taa. Zinazowaka ni tatu. Utasema taa si kazi ya polisi, na ni kweli. Lakini Kamati ya Usalama ya Wilaya unakaa wewe, na mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, ambaye nakala hii imemfikia. Taa zikitajwa na fundi cherehani zinaitwa malalamiko. Zikitajwa na OCD kwenye kikao kile, zinakuwa ajenda.

3. Siku ya kuvunja kikoba

Hapa ndipo penye uchungu wangu, kwa hiyo nivumilie niseme kwa urefu.

Desemba ndiyo vikoba vinavunjwa. Mtu ameweka hisa mwaka mzima, za elfu mbili mbili, wiki baada ya wiki, kutoka kwenye vitumbua, kusuka nywele, kufulia watu nguo. Siku moja anapewa chake chote pamoja na faida ya mikopo. Hiyo ndiyo ada ya Januari, ndiyo bati za kumalizia chumba. Mtaani kwetu tu kuna vikoba vinne. Hakuna siri katika hilo: akina mama thelathini waliovaa vitenge vya sare wakiingia nyumba moja Jumamosi asubuhi katikati ya Desemba, hata kichaa anajua kinachoendelea humo ndani.

Mwaka jana kikundi chetu kiligawana milioni 17 na ushei. Wiki mbili kabla, nilikuja kituoni kuomba askari wawili tu, waliovaa kiraia, wakae karibu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Niliambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa nije kesho. Kesho yake nikaambiwa afande anayehusika yuko kozi. Siku yenyewe nilipiga simu asubuhi nikaambiwa gari limepata dharura. Tukagawana kwa kujificha kama tumeiba wenyewe.

Mwenzetu mmoja, mama ntilie, mjane, alipigwa kabali kwenye kichochoro nyuma ya shule saa saba mchana. Shilingi 640,000 zote zilikwenda, na simu, na kitambulisho. Alipata PF3, fomu ya polisi ya kwenda hospitali, akapata RB, namba ya taarifa kwenye kitabu cha kituo. Alikwenda kuulizia mara nne. Mara ya tano hakwenda, kwa sababu nauli ya kwenda kituoni ilikuwa ni mtaji wa unga.

Najua swali lako, maana niliulizwa na askari wa zamu siku hiyohiyo: kwa nini hamtumi kwa simu? Tumelijadili. Kutuma laki sita kuna makato, kuitoa kuna makato, na kwa mtu wa vitumbua makato hayo ni siku mbili za kazi. Wapo wenzetu wa umri wa mama zangu ambao namba ya siri wanatajiwa na mjukuu. Hao ukiwaweka kwenye simu umewahamisha tu kutoka kwa mkabaji kwenda kwa tapeli. Hata hivyo mwaka huu wanachama 19 wamekubali kulipwa kwa simu au benki. Tumejongea upande wetu. Waliobaki ni 12, na hao ndio walio dhaifu kuliko wote. Askari wawili kwa saa nne, kwa vikoba vinne, ni Jumamosi mbili kama tukipangana vizuri. Makatibu wenzangu wako tayari kupangiwa siku na nyinyi.

4. Simu ya kituo, na habari ya mafuta

Tunaijua 112. Lakini mtu akisikia geti linakatwa saa tisa usiku, anataka askari wa kituo cha karibu, anayejua msikiti uko wapi na mfereji uko wapi. Namba iliyochorwa ukutani kituoni kwetu haipatikani tangu Mei. Tunatumia namba binafsi za askari tunaofahamiana nao, na hilo si sawa kwao wala kwetu: akiwa likizo, mtaa mzima uko likizo.

La mafuta nalitaja kwa heshima, kwa sababu linawadhalilisha hata askari wazuri, na tunao. Mwaka jana mara mbili mlalamikaji aliombwa "chochote cha mafuta" ili gari liende eneo la tukio. Mmoja alitoa elfu ishirini. Mtu ameshaibiwa, bado anaichangia serikali. Sitaji askari wala zamu hapa hadharani. Maelezo yamo kwenye barua ya Juni, na ukiihitaji nakala ninayo.

5. Anayetoa taarifa anajulikana kabla hajafika nyumbani

Mnatuambia tuwataje wahalifu. Kijana mmoja wa hapa mtaani aliwataja wawili, Januari, kwa mdomo, akiwa amesimama kaunta mbele ya watu. Watuhumiwa walikamatwa na wakaachiwa siku ya tatu. Walipita dukani kwake wakanunua sigara, wakamwita jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho ambalo hata sisi hatulitumii. Sasa hivi yuko Morogoro kwa shemeji yake. Duka amelifunga.

Utaniambia dhamana ni haki ya mtuhumiwa, na kwamba kesi zinakufa kwa sababu mashahidi hawaji mahakamani. Yote mawili ni kweli. Na hawaji kwa sababu ya hicho nilichokisimulia. Naomba chumba, Afande. Chumba chenye mlango, mtu akae aeleze, badala ya kaunta.

6. Ulinzi shirikishi, na hili namwelekea Mwenyekiti

Kila nyumba inatoa shilingi 3,000 kwa mwezi, mpangaji naye anatoa. Mara ya mwisho kusomewa mapato na matumizi ilikuwa Machi. Vijana wanaokesha wana tochi mbili kwa watu sita, na mvua za vuli zikinyesha wanajificha chini ya kibaraza cha duka la dawa, kwa sababu makoti hayajanunuliwa. Hela iko wapi, Mwenyekiti? Nauliza kwa upole, maana ni jirani yangu na suruali zako nakushonea mimi.

Kuna jambo zito zaidi, na hili sitaki lipite. Usiku wa kuamkia Desemba 28 mwaka jana, kijana anayefanya kazi hotelini alirudi saa tisa kutoka zamu. Mtu akapiga kelele za mwizi. Kabla hajajieleza alikuwa chini, na tairi lilikuwa limeshaletwa. Alimwokoa bibi mmoja aliyemtambua kwa sauti. Kesho yake asubuhi kwenye habari angekuwa ni "kibaka aliyeuawa na wananchi wenye hasira kali", na sisi ndio tungekuwa wauaji, majirani wa kawaida tunaopeana chumvi. Watu hawafiki hapo kwa sababu ni wakatili. Wanafika hapo wakishaamini kwamba wakipiga simu hakuna atakayekuja. Vijana wetu wa doria hawajawahi kupewa mafunzo hata ya siku moja kuhusu namna ya kumkamata mtu na kumkabidhi akiwa hai. Mkaguzi wa Kata anaweza kuyatoa mwenyewe, chini ya mwembe ulio ofisi ya mtaa, bila bajeti yoyote.

Mtakayosema

Mtasema wezi wenyewe ni watoto wetu. Baadhi, ndiyo. Kuna kijana namfahamu tangu akiwa ananunua barafu. Leo nikimwona nyuma yangu nabana pochi. Mama yake namheshimu, na kwenye kikoba tumekaa naye tukazungumza. Wazazi tuna deni letu, tutalibeba. Lakini bodaboda zinazobeba televisheni alfajiri, na anayezinunua, hao si watoto wetu. Duka linalopokea simu za wizi liko mtaa wa tatu kutoka hapa na kila mtu analijua.

Mtasema hali ni shwari kwa ujumla. Afande, Januari 2015 jiji hili lilikimbia jioni moja kwa habari za panya road, magenge ya vijana wenye mapanga, maduka yakafungwa, watu wakaacha viatu barabarani. Septemba 2022 walipovamia nyumba za watu Kawe usiku na kuua, operesheni ilifanyika haraka na mitaa ikatulia. Nayakumbusha haya kwa sababu yanaonyesha kwamba uwezo mnao. Swali la mtaa wetu ni kama lazima kwanza afe mtu ndipo difenda libadilishe saa zake.

Tunachoomba

Kwanza, kuanzia Desemba 8 hadi Januari 15, doria ipite mtaani walau mara moja kila usiku kati ya saa nane na saa kumi na moja, barabara ya lami na ile ya nyuma ya shule. Pili, namba ya simu ya kituo inayopokelewa saa zote, pamoja na ya Mkaguzi wa Kata, zibandikwe ofisi ya mtaa, msikitini, kanisani na kijiwe cha bodaboda. Tatu, tupangiwe siku za kuvunja vikoba pamoja na askari wa kiraia. Nne, tuelezwe zile RB tisa za mwaka jana zimefikia wapi, hata kama jibu ni kwamba hazijafika popote. Tano, mkutano wa mtaa uitishwe kabla ya Desemba 5, wewe au mwakilishi wako uwepo, na Mwenyekiti aje na daftari la michango.

Habari ya taa tunamwachia Mkuu wa Wilaya.

Kwa upande wetu, bodaboda 22 wa kijiweni wamekubali kuandikishwa majina na namba za pikipiki, na kuvaa viakisi mwanga vyenye namba. Nimewashonea mwenyewe, bure. Vimebaki vinne kumalizia. Mwenye fremu iliyo karibu na kituo cha daladala ametoa umeme wake kwa taa mbili za nje. Kuhusu chumba cha kutolea taarifa, kama kituoni hakuna nafasi, Shehe na Mchungaji wote wamesema ofisi zao ziko wazi kwa Mkaguzi wa Kata siku atakayotaka.

Tarehe za vikoba sijaziandika hapa kwa sababu unazozielewa. Zimo kwenye bahasha iliyofungwa, iliyoletwa mapokezi leo saa tatu asubuhi pamoja na nakala ya barua hii na nakala za zile tatu. Safari hii nilikuja na daftari langu mwenyewe la kupokelea barua, na askari aliyepokea ametia saini, ameandika cheo na saa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani wa kibanda cha bluu, katibu wa kikoba,
kwa niaba ya makatibu wa vikoba vinne vya mtaa